Nimerudia embe baada ya miaka mitatu: tumbo kimya, midomo imefura

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimevaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mafua sina. Nimeficha mdomo.

Nina miaka 34, nina mume na binti mmoja wa miaka minne. Kisa changu kinaanzia miaka mitatu nyuma. Nilikuwa mlaji wa maembe hasa. Msimu ukifika, chakula cha usiku nilikuwa sikihesabu kuwa kimeisha mpaka nimalizie na maembe mawili, siku nyingine matatu, tena makubwa. Mume wangu ndiye aliyekuwa anamenya na kukatakata, mimi nangoja na uma mbele ya bakuli. Halafu tumbo likaanza visa. Usiku wa manane linajaa kama ngoma, gesi haina adabu, asubuhi naharisha.

Rafiki yangu akanipeleka mahali wanapopima damu kujua vyakula vinavyokukataa. Wanatoa damu kidogo, baada ya muda unapewa karatasi ndefu ya vyakula, kila kimoja na rangi yake: kijani kula, njano punguza, nyekundu acha. Kwangu embe lilikuwa jekundu. Maziwa mekundu, mayai mekundu, ngano nyekundu. Yaani karibu kila kitu nilichokuwa nakula kila siku. Niliacha vyote siku ileile, na haikupita wiki mbili tumbo likatulia. Maziwa, mayai na ngano nilivirudia polepole baada ya mwaka na sikuona baya lolote. Embe nililiogopa, kwa sababu ndilo nililokuwa na ushahidi nalo.

Sasa Jumamosi ya wiki juzi nilikuwa peke yangu jikoni. Palikuwa na embe moja limeiva hadi limelainika, harufu yake imejaa chumba kizima. Kisu sikukitafuta. Nilisimama kwenye sinki, nikang'ata ncha, nikavuta ganda kwa meno kipande baada ya kipande, nikala hadi kwenye kokwa, kokwa nalo nikalinyonya mpaka zikabaki nyuzi. Maji yalinichuruzika kidevuni na mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilicheka mwenyewe kama mtoto aliyeiba sukari.

Kisha nikakaa nikisubiri tumbo. Usiku ule, kimya. Jumapili mchana, kimya. Nikajiambia nimepona. Jumapili usiku pembe za mdomo zikaanza kuniwasha. Jumatatu asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikapiga kelele: midomo imefura, ngozi inayozunguka mdomo imekuwa nyekundu, malengelenge madogo madogo kwenye pembe na kidevuni. Na kuna kitu kilichonitisha kuliko vyote. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na mstari mwembamba wa vipele, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, umenyooka kama mtu ameuchora kwa kalamu. Nilimeza vidonge vya mzio nilivyokuwa navyo kabatini. Vilinilaza usingizi tu, mwasho ukabaki palepale.

Kila mtu ana maelezo yake. Rafiki yangu anasema karatasi ilikuwa sahihi, nimeidharau na nimeona. Mume wangu anasema mwili ukiunyima kitu muda mrefu unakisahau, ukikutana nacho tena unadhani ni adui, kwa hiyo kosa langu lilikuwa kuacha. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenimaliza kabisa. Anasema leo ni midomo, safari ijayo ni koo, na koo likiziba hakuna wa kuniwahi.

Tangu hapo nimeacha ndizi, papai, parachichi na nanasi. Binti yangu naye nimemkatia maembe, ingawa amekuwa akiyala msimu mzima bila hata kipele. Juzi alilia akiwa amelikumbatia moja kifuani kama mwanasesere.

Shangazi, nani kati yao mkweli? Mimi ndiye niliyejiharibu kwa kuacha? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Ni mimi,
Mwenye Barakoa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mwasho.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata tumbo, kwa kuwa ndiko ulikonipeleka. Mara ya pili nikaishia mkononi, kwenye ule mstari, nikaweka miwani mezani. Jibu ulikuwa umeshaliandika bila kujua.

Chakula kikishamezwa na mwili ukakikataa, vipele hutoka popote vinapotaka: tumboni, mgongoni, mapajani, nyuma ya masikio. Havina sababu ya kufuata mchirizi. Vyako vimekaa pale tu maji ya embe yalipopita: pembe za mdomo, kidevu, kifundo cha mkono, kiwiko. Maana yake ni kwamba ngozi yenyewe iliguswa na kitu ikajibu palepale ilipoguswa. Madaktari wa ngozi huita hali hii mzio wa mguso.

Kitu chenyewe kiko kwenye ganda na kwenye ule utomvu unaonata unaotoka kikonyo kinapokatika. Nyama ya ndani ina kidogo sana. Ni kemikali zenye asili ya mafuta, ndugu wa karibu wa urushioli, na jina hilo lina kisa chake. Limetokana na urushi, neno la Kijapani la vanishi inayotengenezwa kwa utomvu wa mti fulani, na mafundi wanaoanza kujifunza kazi ya vanishi hiyo hupata vipele na malengelenge kama yako. Mti huo na mwembe ni wa ukoo mmoja, Anacardiaceae. Humo humo umo mkorosho, na yeyote aliyebangua korosho kwa mikono mitupu anajua mafuta ya ganda lake yanavyobabua.

Sasa linganisha ulivyokuwa ukila zamani na ulivyokula Jumamosi ile. Zamani mumeo anamenya, wewe uma. Ganda na utomvu viliishia mikononi mwake, na inaelekea yeye ni miongoni mwa watu wengi ambao havitawafanya chochote. Siku ile ulilivuta ganda kwa meno, ukalipaka midomoni, ukaacha maji yake yakauke mkononi wakati unanyonya kokwa. Ulirudia tunda, lakini kwa mlango ambao pengine hukuupitia tangu utotoni. Muulize mama yako, kama yupo, iwapo msimu wa maembe hukuwa mtoto wa kutoka vidonda pembeni mwa mdomo. Nauliza hivyo kwa sababu ngozi inayokutana na kemikali hizi mara ya kwanza huwa haijui la kufanya. Inachukua siku kumi hivi, hata wiki mbili, kujifunza kuzichukia. Yako ilijibu baada ya siku moja na nusu. Kwa hiyo ilikuwa imeshajifunza siku nyingi, ikakaa kimya ikisubiri.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Mtu akija akisema tunda limemdhuru, swali tulilofundishwa kulitanguliza halikuwa "tunda gani". Lilikuwa "baada ya muda gani". Tunda lilelile linaweza kumsumbua mtu kwa njia tatu zisizohusiana kabisa, na saa ya ukutani ndiyo inayozitenganisha. Wewe umepata mbili kati ya hizo, kwa miaka tofauti, ukadhani ni moja.

Tuanze na ile ya zamani, ya saa kadhaa baada ya kula. Embe lina sukari iitwayo fruktosi kwa wingi kuliko glukosi. Utumbo mwembamba hunyonya fruktosi kwa kiasi chake, na kiasi hicho hutofautiana baina ya mtu na mtu. Inayozidi hushuka hadi utumbo mpana, huko bakteria wanaishangilia. Wanaichachua, gesi inatoka, maji yanavutwa ndani ya utumbo, nawe saa nane za usiku unalala na ngoma. Huo si mzio. Kinga ya mwili haihusiki hata chembe, na kinachoamua ni wingi. Maembe matatu makubwa juu ya chakula cha usiku ni mzigo mmoja, embe moja mchana ni mwingine kabisa. Ndiyo maana safari hii tumbo lilinyamaza. Halikupona kitu. Hukulizidishia tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wamelifanyia kazi suala hili kwa miaka, na utaratibu wao una jambo ambalo watu wengi hulisahau: kuacha ni kwa wiki chache tu, mbili hadi sita, kisha mtu hurudishiwa vyakula kwa makusudi. Aina moja kwa wakati, kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili, zaidi tena siku ya tatu, huku vyakula vingine vikibaki vilevile ili ukisumbuka ujue ni nani. Kuacha miaka mitatu hakumo popote katika mpango wao. Sikulaumu. Hakuna aliyekwambia.

Na hapo nifike kwenye karatasi yenye rangi, maana imenikera. Kwa maelezo yako, hicho ni kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, za aina iitwayo IgG dhidi ya vyakula. Kingamwili hizo mwili huzitengeneza kwa kawaida kila unapokula kitu mara kwa mara, kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa mzio wa Ulaya lilisema wazi kwamba kipimo cha aina hii kisitumike kutafuta chakula kinachomdhuru mtu, na vyama vya madaktari wa mzio vya Marekani na Kanada vina msimamo huohuo. Tazama wekundu wako: maziwa, mayai, ngano, embe. Ulilipia orodha ya vitu ulivyokuwa unakula kila siku, basi. Tumbo lilitulia kwa sababu uliacha maembe matatu ya usiku. Maziwa na mayai ulivirudia vikakaa kimya, na hiyo peke yake ilitosha kuitilia shaka karatasi nzima. Rafiki yako mwambie kwa upole, alikusudia mema.

Mume wako amekosea kidogo tu, na kosa lake ni zuri kulifikiria. Anasema mwili umesahau. Kilichotokea ni kinyume chake: umekumbuka. Kwenye damu na ngozi yako kuna chembe nyeupe zinazohifadhi kumbukumbu ya kemikali za ganda lile kwa miaka mingi. Zikiguswa tena hazijibu papo hapo, kwa sababu inabidi ziitane na kuongezeka kwanza, na kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana hata vidonge vyako havikufua dafu. Vimetengenezwa kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayofanya kazi ndani ya dakika, na safari hii histamini haikuwa mkosaji mkuu.

Kwamba kukutana mara ya pili kunaweza kuwa kubaya kuliko mara ya kwanza ni jambo lililowashangaza hata wakubwa. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakiwachoma mbwa sumu ya viumbe wa baharini wenye kuchoma. Walitarajia dozi ya kwanza iwazoeze. Mbwa mmoja, Neptune, alikuwa ameipokea bila shida, mzima kabisa. Wiki kadhaa baadaye walimpa dozi ndogo, akafa muda mfupi tu baada ya sindano. Hapo ndipo lilipozaliwa neno anafilaksia, yaani mzio wa ghafla unaoweza kuua, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Ila usichanganye: ugonjwa wa Neptune na wako ni milango miwili tofauti ya nyumba moja ya kinga. Wake ni wa dakika, wako ni wa siku.

Hofu ya dada yako inahusu mlango wa Neptune. Basi tuutazame, kwa kuwa si hofu ya kipuuzi, ila ameipeleka kwa mtu asiyestahili. Mzio wa haraka huanza ndani ya dakika chache, mara chache hupita saa mbili. Mdomo na koo huwasha mtu akiwa bado anatafuna. Mabaka yaliyoinuka hutoka mwilini, hata mahali ambapo tunda halikugusa. Mtu hutapika, sauti hubadilika, kifua hubana, kichwa hukosa nguvu kama anayetaka kuzimia. Mwenye dalili hizo za pumzi au kuzimia alazwe chini, miguu iinuliwe, ila akipumua kwa shida aachwe akae. Asisimamishwe, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani, upande wa nje. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Wewe ulikula mchana ukaendelea na shughuli zako siku nzima iliyofuata. Hakuna hata moja ya hizo uliyoitaja. Ukija kuipata siku yoyote, kwa tunda lolote, hilo tunda usilijaribu tena nyumbani. Hilo linarudiwa mbele ya daktari tu, kwenye chumba chenye dawa mkononi.

Kuna watu ambao kurudia tunda huwaletea mwasho wa mdomo wa dakika tano, na hawa nao hushangaa sana, kwa sababu zamani walikula bila neno. Mara nyingi kilichobadilika si tunda. Katikati ya miaka ile waliyokuwa hawali, walipata mzio wa chavua ya miti au magugu, na protini za chavua hufanana na za matunda fulani. Mwenye mzio wa chavua ya mti wa mbetula, kwa mfano, akila tufaha bichi mdomo unamwasha, akila lililopikwa hasikii kitu, maana protini ile huharibika kwa moto. Nilikuwa na muuguzi mwenzangu aliyekula ndizi na parachichi maisha yake yote. Mikono ikaanza kumwasha ndani ya glovu za mpira, sote tukasema ni sabuni. Baadaye ndizi moja tu ikamtoa mabaka shingoni kabla hajamaliza kuimenya yote. Mpira wa glovu na matunda yale vina protini zinazofanana. Ametupa glovu, ametupa ndizi, na sindano ya adrenalini yenye umbo la kalamu inakaa mfukoni mwake.

Nimekuhadithia huyo ili uone tofauti yake na wewe. Ndizi, papai, parachichi na nanasi ulivyoviacha havimo kwenye ukoo wa mwembe na hujasema vimewahi kukufanya lolote. Virudishe mezani leo. Nanasi likikuchoma ulimi kidogo usikimbie: lina kimeng'enya kinachoyeyusha protini na linamchoma kila mtu anayelila kwa wingi.

Sasa binti yako. Mpe embe lake, mwanangu, tena leo kabla hujamaliza kusoma. Mtoto anayekula kitu bila shida haondolewi kitu hicho kwa sababu mama yake kimemdhuru. Ninalisema kwa msisitizo kwa kuwa kwa watoto kuondoa kuna gharama yake. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari ya mzio. Nusu walilishwa karanga mapema, nusu wakazuiwa. Walipofika miaka mitano, waliozuiwa walikuwa na mzio wa karanga kwa asilimia 17 hivi, waliokula asilimia 3. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine uliangalia watoto wenye ukurutu waliokatazwa vyakula: asilimia 19 ya wale ambao hawakuwahi kupata mzio wa haraka waliupata baada ya kuanza kukatazwa. Karanga na vyakula vile si embe, na mwanao hujasema ana ukurutu, kwa hiyo usikeshe ukilia kwa siku hizi tisa ulizomnyima. Ila hapa ndipo mumeo ana chembe ya ukweli, na unaweza kumpa. Mmenyee tu, umwoshe mikono na mdomo akimaliza, ganda asichezee.

Ngozi yako itachukua wiki moja mpaka tatu tangu ilipoanza, na ukiona inabambuka ni dalili njema. Malengelenge usiyapasue. Maji ya baridi kwenye kitambaa safi husaidia mwasho kuliko mafuta ya kila aina ambayo majirani watakuletea. Krimu nyepesi ya steroidi, kama haidrokotisoni, hutuliza, lakini usoni na karibu na midomo isipakwe kwa kubahatisha: muulize daktari au mfamasia ni siku ngapi. Uvimbe ukipanda hadi machoni, au pakianza kutoa usaha, usisubiri safu ya wiki ijayo. Na kama unataka uhakika usiotegemea macho ya shangazi aliyesoma barua tu, daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipimo mgongoni, vikasomwa baada ya siku mbili na tena siku mbili au zaidi baadaye.

Je, utakula embe tena? Kwa sehemu kubwa ya watu wenye tatizo lako, ndiyo. Subiri ngozi ipone kabisa. Kisha limenywe na mtu mwingine, kwa unene, nyama inayoshikana na ganda iachwe iende nalo. Lioshwe kabla ya kumenywa, hasa pale kwenye kikonyo. Kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kati ya kumenya na kukata, hapo ndipo wengi hujipaka upya wakadhani nyama ndiyo mkosaji. Anza na vipande viwili vitatu, kwa uma. Halafu hesabu siku tatu kabla ya kusema chochote, maana unajua sasa kwamba mwili wako hutoa majibu kwa kuchelewa. Vikikuwasha hata hivyo, wewe ni miongoni mwa wachache ambao hata nyama inawatosha kuugua, na hapo uache kwa sababu inayoeleweka. Visipokuwasha, panda hadi nusu embe, kisha moja. Matatu ya usiku yaache yaende zake, tumbo lako limeshatoa maoni. Korosho zilizokaangwa, kama umekuwa ukila bila shida, endelea nazo. Magamba yake mabichi usiyashike.

Kazi ya kumenya mrudishie mumeo, alikuwa akiifanya vizuri. Mwambie tu aoshe mikono kwa sabuni kabla hajakushika shavu.

Shangazi